Uzi wa Njano

Mzee Vipande alizikwa Alhamisi, saa nane mchana, na maneno yaliyosemwa juu ya kaburi lake yalikuwa mazuri na ya kweli. Ilisemwa kwamba alikuwa fundi cherehani mwaminifu, kwamba hakukosa ibada ila alipougua, na kwamba alitoa bila kujitangaza. Hakuna aliyesema uongo. Ila jambo la uzi halikuguswa, maana watu huona haya kumtaja marehemu mahali alipojikwaa, na nyumbani kwake wameona si haki likafukiwa pamoja naye. Mwenyewe alikuwa akilisimulia mezani bila kujitetea. Alisema kusali alifundishwa na wazazi wake, na kushona alifundishwa na mjomba wake, lakini kutoa alijifunza akiwa na miaka hamsini na tisa, tena alichelewa.

Jina la Vipande alipewa na mafundi wenzake, na halikuwa jina la sifa. Mafundi wa mtaa ule, kama wa mitaa mingi, walikihesabu kitambaa kinachobaki baada ya kukata kuwa ni riziki yao. Mteja analeta mita tatu, gauni linakula mbili na nusu, ile nusu inapotea njia. Yeye alikusanya kila kilichobaki, hata kipande cha ukubwa wa kiganja, akakitia ndani ya nguo iliyokwisha kukunjwa, mteja aende nacho.

"Wewe utatuharibia kazi," fundi jirani alimwambia. "Watu wakizoea kurudishiwa vipande, kesho watadai na vumbi la chaki."

"Wakidai watapewa," alijibu, akaendelea kukanyaga cherehani.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na mlango mmoja, kati ya kinyozi na muuza vioo. Cherehani yake nyeusi ilikaa ukutani, meza ya kukatia katikati, na mkewe alikaa mlangoni penye mwanga, akitia vifungo na kushona kwa mkono zile sehemu ambazo cherehani huzilalia vibaya. Miaka thelathini na miwili walifanya kazi migongo ikielekeana, wakizungumza bila kutazamana, na huenda ndiyo sababu hawakugombana sana.

Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa, Mzee Vipande alishona sare kumi na mbili za watoto ambao wazazi wao hawakujaliwa uwezo. Kitambaa alinunua mwenyewe. Mwalimu mkuu alimletea karatasi yenye vipimo tu, bila majina, kwa sababu fundi alitaka iwe hivyo. Sare zikiisha zilitiwa kwenye gunia, zikapelekwa shuleni, watoto wakagawiwa kama kitu kilichotoka ofisini. Waliojua ni mwalimu mkuu, mke wa fundi, na Mungu. Siri ile aliipenda. Aliamka nayo asubuhi na kulala nayo, kama mtu mwenye kitu kizuri sandukuni asichohitaji kumwonyesha yeyote.

Sasa, kwenye rafu ya nyuzi kulikuwa na koni za buluu, rangi ya sare, zilizonunuliwa kwa fedha za wateja. Mteja akilipia sketi amelipia na uzi. Mzee Vipande aliona hivi: sadaka haitolewi kwa mali ya mwenzako. Akichukua uzi wa mteja, hata wa kushonea kiuno kimoja, akautia kwenye sare ya bure, basi aliyetoa ni mteja, tena bila kuulizwa, na huo ni wizi uliovaa joho. Kwa hiyo alijinunulia koni moja ndogo ya buluu kwa ajili ya uzi wa juu, ule unaoonekana. Uzi wa chini, unaokaa upande wa ndani, baadaye alianza kutumia wa njano. Uzi huo wa njano ulikuwa mali yake halali: koni tano kubwa zilizobaki aliposhona majoho ya kwaya, na wanakwaya walimwambia azichukue. Ulikuwa uzi mnene, imara, na hakupenda ukae bure.

"Kwa ndani nani ataona?" alimwambia mkewe mwaka wa kwanza wa njano.

Mkewe alikuwa na sindano mdomoni, hakujibu.

Ilikuwa katika mwaka wa tatu wa uzi huo, wiki tatu kabla ya likizo ndefu, mama mmoja alipopiga hodi. Walimfahamu. Alifua nguo za watu nyumba kwa nyumba, na mara nyingine alileta shati la tajiri wake lililofumuka kwapani.

"Karibu, mama. Leo umeleta za nani?"

"Leo nimeleta zangu, mzee." Akatoa sketi ya shule kwenye mfuko, akaipindua nje ndani juu ya meza. "Nataka uufumue uzi huu wote, utie wa buluu."

Mzee Vipande aliangalia sketi. Mtu huujua mkono wake hata gizani. Mishono ilikuwa yake, na njano ilikuwa yake, iking'aa kwenye kiuno, kwenye ubavu, na pindo zima kuizunguka sketi.

"Lakini haijafumuka popote," alisema polepole.

"Haijafumuka. Tena imeshonwa vizuri kuliko hizi za kununua. Ila huyo aliyeshona sijui alikuwa anawaza nini. Sijui uzi ulimwishia, sijui macho." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Shuleni wanawaita viini, mzee. Viini vya mayai. Sare za kupewa zote zina njano kwa ndani, watoto wameshagundua. Wakicheza, sketi ikipeperuka kidogo tu, utasikia, 'Yai limepasuka!' Siku hizi wanawasimamisha mstari kabisa wanakagua pindo. Wavulana nao wanashikwa kaptura."

Pale mlangoni mke wa fundi aliacha kushona.

"Wa kwangu ana miaka kumi na mitatu," yule mama aliendelea. "Amebakiza mwaka mmoja amalize shule ya msingi. Juzi kaja na sketi mkononi, kavaa khanga yangu ya akiba niliyomwekea mkobani, kaitupa kwenye beseni la nguo chafu. Ameniambia harudi. Ameanza kufua na mimi. Na anafua vizuri, mzee, ndilo linaloniuma."

"Nikibadilisha uzi atarudi?"

"Sijui. Hata ukibadilisha, wameshajua kiini ni nani. Lakini nifanye nini? Nimekaa nikafikiri, nikaona nianzie kwenye uzi. Ni bei gani?"

"Acha tu, mama. Kazi ndogo hii."

"Hapana. Nitalipa. Kupewa kumetosha."

Fundi akataja bei. Mama akalipa nusu, akasema nyingine keshokutwa, akaaga. Mzee Vipande alibaki amesimama na sketi ya mtoto mikononi, kama mtu aliyekabidhiwa kitu akasahaulika.

"Sikuiba uzi wa mtu," alisema mwishowe.

"Nani kasema umeiba?" Mkewe alijibu bila kugeuka.

"Nilitaka sadaka iwe safi."

"Ilikuwa safi. Mikono yako ilikuwa safi kabisa. Mtoto wa watu ndiye aliyevaa uchafu." Alikata uzi kwa meno. "Na mimi nilikuona miaka yote mitatu ukitia hiyo njano, nikanyamaza. Kwa hiyo usifikiri nakusema peke yako."

Aliufumua uzi siku hiyo hiyo, mshono kwa mshono, akashona upya kwa buluu. Kisha alipiga magoti akamwomba Mungu msamaha. Alipata amani, na ile amani ikamtia shaka, kwa sababu msichana alikuwa bado anafua.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichozungumzwa mtaani mwezi mzima. Kwa ajili ya mwaka mpya alikuwa ameshapokea vitambaa vya sare za watoto thelathini na wanane, wote wa kulipa. Akaamua sare zote zitakuwa na njano ndani, mpaka ya mjukuu wake. Hoja yake ilikuwa kwamba alama ikiwa ya kila mtu si alama tena. Lakini hakuweza kumtilia mteja kitu alichokuwa hajakubali, basi ikabidi amwambie kila mmoja, ana kwa ana, kwamba ndani atatia uzi wa njano, kwamba ni imara kuliko wa buluu, kwamba mshono ukianza kuachia utaonekana mapema, na kwamba bei ya uzi anaiondoa kwa kuwa wa njano ni wake. Yote hayo yalikuwa kweli. Sababu yenyewe aliisema pale tu alipoulizwa.

Aliyeuliza alikuwa mke wa mwenye duka la mabati.

"Njano? Hiyo si ndiyo ya wale?"

"Wale wapi, mama?"

"Wale wa kupewa. Mwanangu ananiambia kila kitu. Mzee Vipande, mimi natoa fedha yangu. Sasa kama mwanangu naye atakuwa kiini, fedha nimetolea nini?"

"Umetolea sketi."

"Basi nishonee sketi, usinishonee aibu."

"Mimi sioni aibu kwenye uzi. Naona watoto kumi na wawili wanachekwa, na wa kwako ana nafasi ya kuumaliza mchezo huo kwa kuvaa tu. Hatatoa kitu."

"Wa kwangu nimemzaa awe wa kwanza darasani, sikumzaa awe dawa ya wenzake." Akachukua kitambaa chake mezani. Alikuwa mama mwenye adabu, akaaga vizuri kabisa, akaingia kwa fundi jirani.

Wateja watano walimfuata. Jioni fundi jirani alichungulia mlangoni, tabasamu hadi masikioni.

"Mzee, endelea hivyo hivyo. Wanangu wanakuombea."

Waliobaki, thelathini na wawili, walikubali: wengine kwa kumwamini, wengine kwa bei, na babu mmoja kwa sababu hakusikia sawasawa alichoambiwa akaona haya kuuliza tena. Mwalimu mkuu naye alimletea sketi za binti zake wawili, akamwonyesha tu koni ya njano kwa kidole.

Shule zikafunguliwa. Siku ya tatu mwalimu mkuu alipita kueleza yaliyotokea. Mkaguzi mkubwa wa pindo, mvulana mmoja mtundu wa darasa la tano, alimsimamisha mwenzake, akakuta njano, akaanza kuimba. Mwenzake akamwambia ajitazame na yeye. Akajipindua kaptura mbele ya watu, akakuta njano. Watoto wakamcheka yeye. Kutwa nzima wakapinduana, wakakuta njano kwa huyu na kwa yule, kwa wa kulipa na kwa wa kupewa, na mchezo ukakosa ladha. Utani ule haukufa siku moja. Ulichoka.

"Na yule msichana?" mke wa fundi aliuliza.

Mwalimu mkuu alitazama chini. "Huyo hajaripoti."

Alipoondoka, kinyozi wa jirani alikuwa anazima redio yake.

"Umewashawishi watu thelathini na wawili," mkewe alisema. "Mmoja umemruka."

"Nimfanyie nini tena?"

"Umfanyie? Si umwambie. Nenda ukamwambie ni wewe."

"Nikienda siri itatoka. Miaka kumi na mitatu sijamwambia mtu."

"Mungu anajua, mimi najua. Unamficha nani?"

"Wema ukitajwa unaharibika, mke wangu. Unajua hivyo."

"Wema, sawa. Sasa hili unalolificha ni wema au ni kosa?" Akageuka, jambo alilolifanya mara chache wakiwa kazini, akamtazama usoni. "Umeyafunga pamoja, mzee. Umefunika kosa kwa sadaka, unasema unatunza sadaka."

Alikwenda kesho yake baada ya chakula cha mchana, amevaa shati la ibada. Uani kwa mfua nguo kulikuwa na bomba moja, mabeseni manne, na kamba tatu zilizojaa mashati ya wanaume wa nyumba nyingine. Msichana alikuwa anakamua shuka. Alikuwa mrefu kuliko vipimo vyake. Mama yake alitoka ndani, akamwekea mgeni kigoda.

Mzee Vipande hakukaa. Alisema kwamba sare zile huzishona yeye, kwamba uzi wa njano aliutia yeye, na kwamba hakujua utawafanya nini watoto. Alisema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Mama alishika shavu. "Ni wewe. Na mimi nikasema pale mbele yako kwamba macho yamekwisha."

"Ulisema kweli, mama."

Msichana aliliacha shuka ndani ya beseni. "Kwa nini njano?"

Akamweleza. Akaeleza uzi wa wateja na uzi wake mwenyewe, na jinsi alivyoogopa kutoa kisicho chake, na uzi wa juu alioununua kwa fedha yake ili nje pawe pazuri. Alipokuwa akijieleza moyoni, miaka yote ile, maelezo hayo yalikuwa marefu na yenye nguvu. Pale uani yaliisha mapema.

"Kwa hiyo wa nje ulinunua," msichana alisema.

"Ndiyo."

"Koni ya buluu ni bei gani?"

"Ile ndogo? Kama mikate miwili."

"Ingehitajika moja zaidi? Kwa sisi sote kumi na wawili?"

"Moja. Ingetosha na kubaki."

"Kumbe," alisema msichana.

Akainama akaendelea kukamua. Maji yalitiririka hadi kwenye viatu vya fundi, naye hakusogea. Alingoja aambiwe jambo zaidi, asijue ni jambo gani.

"Unataka niseme nimekusamehe?" msichana aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wewe, adabu," mama yake alisema.

"Ndiyo nauliza kwa adabu, mama."

"Sitaki useme kitu," fundi alijibu. "Nilitaka ujue kwamba shule haikukutia alama. Wala wewe hukuwa na kosa. Ni mimi."

Alirudi dukani akamweleza mkewe neno kwa neno, pamoja na ile "kumbe". Kwa siku kadhaa hakula vizuri. Siku mojawapo kati ya hizo alimwandikia mwalimu mkuu kwamba mwaka ujao hatapeleka gunia. Watoto wenyewe waje dukani na wazazi wao, wapimwe kama wengine, wachague, wakosoe, na mzazi akitaka kulipa chochote apokelewe. Kama watu watajua, basi watajua.

Jumamosi, saa nne asubuhi, msichana aliingia peke yake. Alisalimia vizuri, akaweka ile sketi mezani.

"Imekuwa fupi. Nataka pindo lishuke vidole viwili."

Mzee Vipande alipima, akakuta kweli. "Vidole viwili vinapatikana."

"Ni bei gani?"

Hapo mkewe alinyanyua kichwa. Neno la "bure" lilikuwa ulimini mwa fundi tayari, limezoea kutoka. Akalimeza, akataja bei, ile ile anayomtajia kila mtu.

"Ghali," msichana alisema. "Hapo jirani wanachukua nusu."

"Basi nenda hapo jirani."

Mkewe alikohoa. Lakini msichana hakukasirika, ni kama alikuwa amelitegemea jibu hilo.

"Hapo jirani pindo linakwenda upande. Nimeona sketi ya mtoto wa mabati. Punguza."

"Nikipunguza na mimi nitapeleka upande."

"Punguza kidogo, upeleke upande kidogo."

Mke wa fundi alicheka kwanza, kisha fundi, na bei ikashuka robo. Msichana akafungua kitambaa alichofungia fedha zake za kufua, akazipanga mezani.

"Uzi gani?" fundi aliuliza.

"Buluu. Hiyo njano sasa inavaliwa na kila mtu."

"Unaitaka lini?"

"Leo. Jumatatu naingia darasani kabla ya kengele, na Jumapili wewe hushoni."

Alishona hapo hapo, naye msichana amesimama juu ya bega lake akifuata kila mchomo wa sindano. Katikati ya pindo akamwambia pale pamepinda. Fundi akavua miwani, akaifuta, akaangalia. Palikuwa pamepinda. Akafumua, akarudia. Kazi ilipokwisha msichana aliipindua sketi nje ndani, akaikagua kuanzia kiunoni, akaikunja, akasema haya, akaenda zake.

Mzee Vipande alizikusanya zile fedha akazitia kwenye droo.

"Umezichukua zote?" mkewe aliuliza.

"Zote tulizopatana."

"Vizuri," alisema mkewe, akautafuta uzi wake mahali alipouachia.